Majogoo Wamewika vya Kutosha

Ukiketi na rundo la insha za kidato cha tatu utadhani darasa zima hulala chumba kimoja. Wote wameamka alfajiri na mapema, majogoo wakiwika. Jua limechomoza matlai likitoa miale ya kupendeza, ndege wanaimba matawini, umande unametameta. Mwandishi amekoga chapuchapu, amestaftahi, amewaaga wazazi na kuchana mbuga. Ukurasa mzima umekwisha, na swali lilitaka kujua athari za ukataji miti.

Geuza ukurasa. Kijasho chembamba kinamtoka, nywele zimemsimama, mate yamemkauka kinywani, machozi yanamtiririka njia mbili mbili. Kwa sababu gani, haijulikani vizuri. Kisha wahenga wanaitwa watoe ushahidi: ama kwa kweli hawakukosea waliponena. Wamenena nini hasa, hilo nalo hutegemea methali aliyoikumbuka mtoto wakati kengele inakaribia kulia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa huku Ukambani, na sisemi haya kwa kuwacheka. Kijana anayejua matlai ni wapi amewashinda watu wazima wengi ninaowafahamu. Anayo maneno. Kinachokosekana ni mtu. Unasoma kurasa mbili na hukutani na yeyote ambaye angeweza kuishi kijijini kwenu, wala jambo ambalo mwandishi alilifikiria yeye mwenyewe.

Chanzo tunakijua sote tuliopitia shule za Kenya. Katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mtoto alipewa dakika 40 aandike insha ya alama 40, na walimu, kwa nia njema, wakamwandalia akiba: mianzo kumi, miisho kumi, tashbihi za furaha, tashbihi za huzuni, methali za kila hali ya hewa. Aliyekariri vizuri alipata alama nzuri. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na waliofanya mtihani huo ndio watakaofunga ukurasa wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya 2027. Nyuma yao wanakuja wa mtaala mpya, wa umilisi. Nimeona kazi za baadhi yao. Majogoo bado wamo.

Mwanafunzi wa namna hii akishushiwa alama, ushauri anaopewa huwa mmoja: soma zaidi. Mwalimu mkuu huusema siku ya gwaride, mzazi huurudia siku ya kuchukua ripoti. Nimechoka kuusikia. Asome nini, vipi, na baada ya kusoma afanye nini? Wapo wanafunzi wangu wanaosoma sana na bado wanaandika majogoo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha kinachotoka kwenye kusoma kwao kinaingilia wapi kwenye kuandika kwao. Kwenye ratiba vitu hivi viwili haviamkiani. Insha ina kipindi chake, ufahamu una chake, na kati yao kuna kitoto yatima kiitwacho ufupisho, kinachokumbukwa wiki mbili kabla ya mtihani.

Naam, kazi yangu siku hizi naianzia kwa yatima huyo.

Katika KCSE ufupisho umo kwenye karatasi ya pili, 102/2, baada ya ufahamu, kila kimoja alama 15 kati ya 80. Taarifa inatolewa, kisha mtahiniwa anaambiwa afupishe aya fulani kwa maneno sitini, sabini hivi, na mtahini ana alama moja au mbili za utiririko anazozishikilia mpaka aone kwamba sentensi zinaongozana. Wanafunzi hulichukia swali hili kuliko sarufi. Sarufi unaweza kuikariri usiku mmoja ukabahatisha. Hapa hakuna cha kukariri. Huwezi kufupisha kitu ambacho hujakielewa, na huwezi kujificha nyuma ya miale ya jua kwa sababu nafasi haitoshi. Kwa hiyo mimi huona kwamba hapa ndipo mwanafunzi hulazimika kusoma na kuandika kwa pumzi moja.

Acha nionyeshe kwa mfano. Hii ni aya niliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa langu:

"Wakulima wengi huvuna mahindi kabla hayajakauka vyema kwa kuhofia wezi na mvua. Baadhi yao huyaanika kando ya barabara, ambako hupata jua mchana lakini huokota vumbi na unyevu wa usiku. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Ndiyo maana wakulima husisitiziwa wayakaushe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 kabla ya kuyatia guniani."

Mada hii sikuiokota hewani. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa, ila wazazi wao wanakumbuka, na nyumbani kwao mahindi yanaanikwa kila msimu. Taarifa ambayo mwanafunzi ana la kusema kuihusu ni nusu ya somo.

Ukimwambia mwanafunzi afupishe aya hiyo kwa maneno yasiyozidi 30, mara ya kwanza atanyakua sentensi ya mwanzo na ya mwisho, aziunganishe kwa "pia". Wakulima huvuna mapema, pia wanaambiwa wakaushe. Ni kweli yote mawili, lakini roho ya aya imeachwa nje. Kwa nini wakaushe? Sababu iko katikati, na katikati ndiko wasomaji wetu wasikofika.

Basi nawanyang'anya aya. Wanaisoma mara moja kalamu zikiwa chini, mara ya pili polepole, kisha vitabu vinafungwa. Kila mmoja anamgeukia jirani yake na kumwambia kwa mdomo aya ilisema nini, kwa lugha yoyote anayotaka. Darasa linageuka soko: Kikamba, Sheng ya vijana wa mitaani, Kiingereza cha hapa na pale. Naacha. Anayemwambia mwenzake kwamba "ukiweka mahindi ikiwa na maji inashika ule uchafu wa kijani halafu inakuwa sumu, hata upike aje" ameelewa mnyororo wote, unyevu, kuvu, sumu, ingawa ngeli zake zimelala. Ngeli tutaziamsha baadaye. Ndipo wanaandika, vitabu vikiwa bado vimefungwa, na mwisho wanafungua na kulinganisha. Baada ya kusuguana kidogo tulipata hii ubaoni:

"Kuvuna mapema na kuanika vibaya huacha unyevu katika mahindi, unyevu huzaa kuvu na kuvu huzaa sumu isiyoisha kwa kupikwa. Hivyo, yakaushwe hadi chini ya asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa."

Maneno 29. Wezi wametoka, mvua imetoka, barabara imetoka, na hakuna aliyewalilia. Tulibishana sana juu ya wezi. Msichana mmoja alishikilia kwamba wizi ndio chanzo cha yote, kwao mahindi yaliibwa shambani yakiwa mabichi. Alikuwa na hoja, na ubishi huo kwangu una thamani kuliko jibu lenyewe, kwa maana kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke ndiyo kazi ya kila mwandishi.

Kipindi kinachofuata tunarudi kinyume. Nawapa zile sentensi mbili za ubaoni na kuwaambia wazinenepeshe mpaka ukurasa mmoja, kwa sharti moja tu: kila wanachoongeza kiwe ni kitu walichokiona au kukisikia wao. Marufuku matlai. Hapo ndipo nyanya wa mtu fulani akaingia darasani, mwanamke asiyeamini mashine wala afisa wa kilimo, anayetia punje mdomoni na kuing'ata. Ikikatika kwa mlio mkavu, gunia lifungwe, ikibonyea, mahindi yarudi juani. Kijana mwingine akaandika kuhusu chumvi: unatia punje na chumvi kavu katika chupa, unatikisa, na chumvi ikiganda kwenye kioo ujue mahindi hayajakauka. Hakuna aliyewafundisha kuandika hivyo. Walikuwa nayo tangu nyumbani, isipokuwa hawakujua kwamba insha inaruhusu vitu vya nyumbani.

Kutoka hapo, kugeuza ukurasa huo uwe barua kwa mhariri, hotuba ya chifu barazani au ripoti ya kamati ni suala la sura, na sura hufundishika kwa vipindi vichache. Insha za kiuamilifu zina muundo wake, anwani inakaa wapi, kumbukumbu za mkutano zinaanzaje, mwanafunzi atashika. Kilicho kigumu ni kuwa na la kutia ndani.

Nimetaja Sheng, na najua kuna walimu wenzangu watakaonikunjia uso. Kijana anayemtania rafiki kwa Sheng, akamwitikia mama kwa Kikamba na akajibu swali la Bayolojia kwa Kiingereza, yote kabla ya chakula cha mchana, hana upungufu wa lugha. Anachohitaji ni kujua mlango upi unafunguliwa kwa ufunguo upi. Huwa nawaambia: nitumie ujumbe wa sauti kama unavyomtumia rafiki, uniambie bomba la maji shuleni limekauka na mnateseka. Sasa mwandikie afisa wa maji. Wanacheka, kisha wanaona wenyewe ni maneno gani hayawezi kupita mlangoni mwa ofisi. Hiyo ni sajili, lugha inayofaa mahali na mtu, na hutahiniwa kwenye isimujamii, swali la lugha katika jamii, alama 10, kwa yeyote anayetaka kuniuliza kama tunapoteza muda.

Tahajia nayo ina ugonjwa wake. "Nili enda." "Ata mimi." "Uku nyumbani." "Gafla." Kiambishi kimekatwa kikaachwa peke yake, h imedondoka njiani, gh imekuwa g. Mengi ya haya hayatokani na ujinga. Mtoto huandika anavyosikia, na Kiswahili chetu cha bara hakitamki kila herufi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni imla, mwalimu anasoma na wao wanaandika, kitu cha kizamani ambacho shule nyingi zimekiacha kwenye madarasa ya chini. Sentensi nne tano mwanzoni mwa kipindi, zimetolewa kwenye kile tunachokisoma, wanabadilishana madaftari, tunasahihisha palepale. Haichukui muda na haichoshi mtu.

Sasa niseme kuhusu vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa, maana hapa nina kinyongo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia sifa kumi za mhusika ambaye hajawahi kukutana naye. Mkarimu, mwenye bidii, mwenye tamaa, msaliti, kila sifa na mfano wake, na kitabu chenyewe hakijafunguliwa zaidi ya jalada. Amesoma mwongozo, kijitabu kinachoeleza kitabu. Miongozo ina kazi yake, sikatai, baada ya kusoma. Ila biashara ilivyo sasa, mwongozo ndio unaouzwa kwanza, na mzazi anaununua akidhani amemnunulia mtoto kitabu. Halafu tunashangaa kwamba mtoto hawezi kutunga mhusika aliye hai. Angeuona wapi uhai?

Kwa hiyo kwangu mara ya kwanza riwaya husomwa bila kalamu na bila mwongozo. Nasoma kwa sauti mimi mwenyewe sura ya kwanza, kwa kuwa baadhi yao hawajawahi kusomewa na mtu mzima tangu chekechea, kama walisomewa. Nasita pabaya, pale ambapo mlango unagongwa, na nawapa dakika tano waandike wanachodhani kitafuata. Tamthilia tunagawana wahusika. Wavulana wakubwa wa nyuma, wasionyanyua mkono mwaka mzima, hugombea nafasi ya mlevi. Baada ya kila sura kila mmoja ananiandikia swali moja tu ambalo angependa kumwuliza mhusika. Swali, si jibu. Unajua aliyesoma na asiyesoma kwa kuangalia swali lake.

Tatizo la vitabu vya ziada lipo, lakini si mara zote ni tatizo la uhaba. Tangu 2018 serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, hali ya vitabu hivyo imekuwa bora kuliko enzi za kuchangia kimoja watu watano. Hadithi na magazeti ndiyo haba, na hata hayo machache aghalabu hulala kabatini chini ya kufuli kwa sababu yakipotea kuna mtu atakayedaiwa. Naielewa hofu hiyo. Hata hivyo kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi kuliko kilichobaki kipya rafuni. Nilichofanya ni kuanza na magazeti. Nakala za Taifa Leo za wiki iliyopita hazina mwenye kuzililia. Muuza magazeti stendi huniwekea zilizobaki, na tahariri moja hutosha kipindi kizima cha ufupisho.

Kuna swali la kusahihisha, na mwalimu yeyote anayesoma haya alikuwa akilingojea. Mikondo minne, kila mkondo watu hamsini, ni madaftari mia mbili. Ukisahihisha kila insha ya maneno 400 kwa uaminifu, utazeeka kabla ya muhula kwisha, na mwanafunzi atatazama alama peke yake, afunge daftari. Sisahihishi yote. Kabla hawajaandika nawaambia leo naangalia nini: pengine aya ya kwanza tu, pengine jinsi sentensi zinavyofuatana, pengine ngeli. Kwenye makosa ya sarufi na hijai natia nukta pembeni mwa mstari, bila kuzungushia kosa. Wao ndio wanaotafuta kosa liko wapi na kulirekebisha, ndipo alama inaandikwa. Mwanzoni walinung'unika kwamba mwalimu amekuwa mvivu. Mzazi mmoja alikuja kuuliza mbona daftari la mwanawe halina wino mwekundu. Nilimwonyesha nukta, nikamwomba atafute kosa kwenye mstari mmoja. Alilipata, akaondoka akiwa amefurahi kuliko alivyokuja.

Wazazi hasa ndio rasilimali ambayo tumeiacha. Wengi hapa hudhani kwamba hawawezi kumsaidia mtoto wa sekondari kwa sababu wao waliishia darasa la saba, au hawakufika huko. Kazi ninayopenda kuwapa wanafunzi wakati wa likizo ni hii: msomee mtu mzima wa nyumbani jambo lolote, habari ya gazetini, barua ya chama, masharti ya mkopo wa simu, halafu uniandikie alikuuliza nini na ulimjibu vipi. Kusomea mtu asiyeiona karatasi hukulazimisha kuelewa. Akikuuliza "kwa hiyo riba ni ngapi kwa mwezi?" huwezi kumjibu kwa tashbihi. Zile ripoti za likizo ndizo insha bora zaidi ninazopokea, na ni nadra sana mtu kuamka alfajiri ndani yake.

Haya yote lakini yanamfaa mwanafunzi anayejua kusoma. Wapo wasiojua, na ni lazima tuwe wakweli. Katika kila darasa ninaloingia kuna wawili watatu waliofika kidato cha tatu wakisoma silabi kwa silabi, kidole chini ya neno, na kufikia nukta wamesahau sentensi ilianzaje. Wamejifunza kujificha. Wananakili vizuri ubaoni, wana mwandiko safi, darasani wanaketi nyuma ya mtu mrefu. Ufupisho hauwezi kuwasaidia hawa hata kidogo. Mtu anayetumia nguvu zake zote kulitamka neno habakiwi na nguvu ya kulielewa, na anachohitaji ni kusoma vitu vyepesi, vingi, mara nyingi, mpaka maneno ya kawaida yawe yanamjia bila jasho.

Vitu vyepesi maana yake ni hadithi za shule ya msingi, na hakuna kijana wa miaka kumi na saba mwenye ndevu zinazoanza atakayekubali kuonekana na kitabu chenye picha ya sungura. Kwa hiyo tunakutana saa ya chakula cha mchana, maabara ikiwa tupu, na kila kitabu nimekifunika kwa karatasi. Tunasoma kwa zamu, ukurasa huohuo mara tatu, nne, mpaka usomeke bila kukwama. Walioanza na hadithi za darasa la tatu sasa wako kwenye za darasa la sita, na mmoja ameanza kuniletea hadithi zake mwenyewe, fupifupi, hazina jogoo. Karatasi ya kufunikia huwa ni Taifa Leo la wiki iliyopita, na siku hizi nalazimika kuwahimiza wafungue kitabu, kwa sababu bado wanasoma matokeo ya mpira kwenye jalada.